Ziwa lisilo na njia: tunatazama tena sinema «Virunga»

Kuko sinema moja ambayo karibu kila mtu aliyesoma huku kwetu Kivu ya Kaskazini ameisikia, hata kama hajaiona yote. Ni «Virunga», ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, iliyotoka mwaka wa 2014. Mwaka wa 2015 ilikuwa kati ya sinema tano zilizoshindania Oscar ya sinema za habari za kweli, lakini haikuipata. Mimi nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mjini Goma, ndani ya chumba kidogo kilichojaa vijana waliokuwa wakipiga makofi na kulia kwa zamu. Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Mara ya tatu ilikuwa kwa ajili ya kurasa hizi, na safari hiyo niliweka karatasi pembeni, nikaandika alama kila mara ziwa lilipoonekana.

Mtu ataniuliza: kitabu chetu ni cha mila na desturi, sinema ya gorila na petroli inatafuta nini humu? Jibu langu ni hilo ziwa lenyewe. Ziwa Edouard ni moyo wa sinema ile, kwa sababu petroli iliyogombaniwa ilitafutwa chini yake na kandokando yake. Lakini wakati ninahesabu alama zangu, niliona kwamba sijaona hata njia moja. Ziwa linaonyeshwa toka juu, jua linawaka, viboko wamo ndani, mitumbwi imetulia, tena ni zuri kweli. Lakini hakuna anayesema watu walifikaje pale, walikuwa wakienda wapi, na walibeba nini. Hapo njo ninataka kusimama.

Kwanza tuipe sinema haki yake. Haikufanya kazi ndogo. André Bauma, mlezi wa gorila yatima kule Rumangabo, anaonyeshwa bila kupambwa: mtu anayebaki na wanyama wake wakati mizinga inalia na wengine wanakimbia. Rodrigue Katembo, aliyewahi kuwa askari mtoto na baadaye mkubwa wa walinzi katika sehemu ya ziwa, anazungumza juu ya mama yake kwa maneno machache, na hayo machache yanatosha. Mwaka wa 2017 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kuko pia mwandishi wa habari Mélanie Gouby, anayekula mezani na watu wa karibu na kampuni ya petroli huku anawanasa kwa siri. Mmoja wao anafika hadi kusema kwamba heri nchi kama hizi zitawaliwe tena na wakoloni. Kijana mmoja nyuma yangu kule Goma alisema kwa sauti: «Amesema!» Kampuni yenyewe, SOCO, ilikana mambo iliyoshutumiwa. Lakini mwezi wa sita wa 2014 ilitangaza kwamba haitaendelea na uchimbaji, na baadaye ikaachana na kibali chake. Si sinema nyingi duniani zinazoweza kujivunia jambo kama hilo. Tusisahau pia kwamba tarehe 15 mwezi wa nne 2014, siku chache kabla watu hawajaanza kuiona, Emmanuel de Merode, mkurugenzi wa parke, alipigwa risasi njiani kutoka Goma kwenda Rumangabo. Alipona.

Kwa hiyo mimi sisemi sinema ni ya uongo. Ninasema imeliokoa ziwa kwa namna inayowaacha wenye ziwa bila kauli.

Angalia nani anabeba hadithi. Kuko Bauma, Katembo, de Merode, Gouby. Walinzi wawili, mkurugenzi mmoja, mwandishi mmoja. Wavuvi wamo, ndiyo, wanavuta nyavu, na tunaambiwa kwamba watu kwa maelfu wanaishi kwa samaki ya ziwa hili. Lakini kati yao hakuna hata mmoja anayefuatwa mpaka nyumbani kwake, anayetajwa jina la babu yake, anayeulizwa: hapa mlifikaje? Wamewekwa pale kama sababu nyingine ya kukataa petroli, baada ya gorila. Mtazamaji wa London au wa Paris anatoka na picha ya watu maskini walioshikamana na ufuko. Kwa picha hiyo wanahurumiwa tu, na huruma haimpi mtu kiti mahali mambo yanapoamuliwa.

Basi turudi nyuma, tuseme yale sinema haikusema.

Ziwa hili limekaa ndani ya shimo kati ya milima. Magharibi kuko ukuta wa Mitumba, kule juu wanakolima Wanande. Kaskazini kuko Ruwenzori na theluji yake, kilele chake kikifika metre 5,109. Kusini kuko volkano. Maji yanatoka upande wa Ishango, yanakuwa Semliki, yanakwenda Ziwa Albert na mwisho wake Nile. Mzungu Stanley aliliita kwa jina la mtoto wa malkia wake mwaka wa 1889. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amelisikia na kuliandika kama Muta-Nzige, muua nzige, jina ambalo Waganda wa upande ule wangali wanalikumbuka. Idi Amin naye aliliandikia jina lake mwenyewe katika miaka ya 1970, lakini hilo lilianguka pamoja naye. Kila mkubwa aliyepita aliweka jina juu ya maji haya. Wale waliokuwa wakiyavuka hawakuweka jina, waliweka njia.

Njia kubwa ilikuwa ya chumvi. Upande wa mashariki wa ziwa, leo ndani ya Uganda, kuko Katwe: shimo la volkano lenye ziwa dogo ambalo maji yake yakikauka yanaacha chumvi. Kwa watu wa milimani ambao shamba lao linatoa maharagwe, ndizi na viazi lakini halitoi chumvi, Katwe ilikuwa lazima. Watu waliteremka Mitumba na chakula na mbuzi, wakapita bondeni, wakafuata ufuko wa kaskazini au wakapanda mtumbwi, wakarudi na mizigo ya chumvi iliyofungwa vizuri isiguswe na mvua, kamba kwenye paji la uso kama wamama wetu wanavyobeba hata leo. Chumvi haikuwa kiungo tu, ilikuwa mali. Ndiyo sababu wakubwa waliigombania. Stanley alipopita Katwe mwaka wa 1889 alikuta askari wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro, ndio wanaoishika. Miaka miwili baadaye Lugard, kwa niaba ya Waingereza, akajenga ngome papo hapo. Hakuna anayejenga ngome mahali pasipo na kitu.

Wataalamu walioandika juu ya wafanya-biashara wa Butembo wamerudi mara nyingi kwenye chumvi hiyo. Yule tajiri mwenye kontena kutoka Dubai au Guangzhou, ukifuata asili ya biashara yake, unaweza kukuta babu aliyeteremka mlimani na mbuzi wawili. Hiyo ni elimu ya njia: kujua mto gani unajaa mwezi gani, kijiji gani kinakupa mahali pa kulala, nani unamwachia deni. Elimu hiyo haikuanzia sokoni, ilianzia bondeni, mahali ambapo leo ramani inaandika neno moja tu, parke.

Sasa parke ilifikaje? Mwaka wa 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji aliweka saini, na eneo dogo la volkano likafungwa kwa ajili ya gorila. Mmarekani Carl Akeley, aliyewahi kuwaua gorila wachache mwaka wa 1921 kwa ajili ya jumba la makumbusho na kisha akawahurumia, ndiye aliyesukuma jambo hilo sana. Amezikwa kule kule Kabara tangu 1926. Mwaka wa 1929 na tena 1935 mipaka ilipanuliwa, ikashika uwanda wa Rwindi, sehemu ya Kongo ya ziwa, na bonde la Semliki. Katika miaka hiyo hiyo wakoloni waliwahamisha watu wa uwanda na wa ufuko kwa sababu ya malale, ugonjwa wa usingizi. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, tusidanganyane, uliua watu. Lakini walipoondolewa kwa ajili ya dawa, ardhi yao ilibaki kwa ajili ya wanyama, na njia zikakatika katikati. Pia mwaka wa 1910 Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya mpaka, nayo Katwe ikabaki upande mwingine. Katika muda wa miaka 25 hivi, mtu wa chumvi aligeuka mara mbili: kwanza mvuka-mpaka, halafu mvamizi wa parke. Yeye hakuwa amebadilisha hata hatua moja ya safari yake.

Sinema inagusa historia ya ukoloni, tena kwa nguvu, kwa picha za zamani. Lakini inasoma historia hiyo kama habari ya mali iliyoibwa: mpira, madini, leo petroli. Parke yenyewe inatokea ndani yake kama kitu kilichosimama nje ya wizi ule. Kwa mtu wa Kyavinyonge jambo hili haliwezi kuwa rahisi hivyo. Parke ilimkinga na petroli. Parke hiyo hiyo ilimfungia bonde. Maneno yote mawili ni kweli, na sinema yenye ujasiri kama huu ingeweza kuyabeba yote mawili.

Ninajua jibu. Sinema ya dakika 100 haiwezi kusema yote, na wakati nyumba inawaka moto mtu haulizi nani alichora ramani yake. Jibu hilo lina uzito. Watu waliotengeneza «Virunga» walikuwa na vita mbele yao. M23 ilikuwa imeingia Goma mwezi wa 11 mwaka wa 2012 wakati wao wako wanapiga picha. Lakini angalia tena walichopatia nafasi. Kuko dakika nyingi za wanyama wakitembea wakati wa jioni, na muziki juu yake. Katika dakika mbili tu za hizo, mzee mmoja angeweza kuonyesha kwa kidole mahali mtumbwi wa chumvi ulipokuwa unatia nanga. Waliona ni afadhali tembo.

Kuko jambo jingine lililoniumiza zaidi, nalo ni Ishango. Pale Semliki inapotoka ziwani, ndani ya parke hiyo hiyo, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka wa 1950 akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mistari mitatu. Wanaukadiria kuwa na miaka 20,000 na zaidi. Vitabu vya hesabu duniani kote vinauonyesha kama kitu kimojawapo cha zamani kabisa cha kuhesabia, ingawa wataalamu wangali wanabishana zilihesabiwa nini. Pamoja nao zilikuwako ncha za mfupa zenye meno, za kuchoma samaki. Na kule Katanda, si mbali, kwenye Semliki hiyo hiyo, zilichimbuliwa ncha kama hizo ambazo wachimbaji walizikadiria miaka 90,000. Soma tena namba hiyo. Watu wanavua samaki mahali hapa tangu wakati ambapo hakukuwa na Mnande wala Msongora wala Mbelgiji. Mfupa wenyewe unakaa Brussels. Ikiwa sinema ilitaka neno moja la kuonyesha kwamba mvuvi si mgeni ndani ya parke, neno hilo lilikuwa limelala chini ya miguu ya kamera.

Lakini haitakuwa haki kuwalaumu Waingereza peke yao, sisi tukajipaka mafuta. Masimulizi yetu wenyewe juu ya ziwa, yale tunayoyasoma kwenye sherehe za mashirika ya utamaduni kama hili letu, yana ugonjwa wake. Huko mababu ni wema wote. Hawakuua mnyama bila ruhusa, hawakuvua samaki mwenye mayai, hawakugombana na jirani. Nilimwambia hivyo mzee mmoja aliyezaliwa Kyavinyonge, tulikuwa tumekaa nje ya nyumba ya mkwe wake kule Butembo. Alicheka mpaka akakohoa.

— Mutoto yangu, nani alikudanganya? Baba yangu alikula kiboko. Na baba yake pia.

— Lakini mzee, tunasoma ati kulikuwa sehemu zilizokatazwa.

— Zilikuwa. Pale samaki wanazalia, pale mto unaingia ziwani, ulikuwa unaogopa kutupa wavu. Haikuwa kwa sababu ya wema. Mtu wa karibu na wewe alikuwa anakuona, na kesho alikuwa anakataa kukukopesha mtumbwi.

Halafu akanyamaza kidogo, akasema: «Sisi hatukukuja ndani ya parke. Parke njo ilikuja kwetu. Lakini hawa vijana wa leo wenye nyavu za mbu, hao pia hawakuzaliwa na ziwa.»

Maneno yale ya mtumbwi yana faida kuliko hotuba zetu kumi. Yanaonyesha sheria ilivyokuwa inatembea: kwa macho ya jirani, kwa deni, kwa haya. Sheria ya namna hiyo inaishi watu wakijuana. Vijiji vitatu vya wavuvi vinavyokubaliwa ndani ya parke upande wetu, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, vimejaa watu waliokimbia vita kutoka kila upande. Askari na watu wa bunduki wamekuwa na mitumbwi yao, na hakuna jirani anayemnyima mtu wa bunduki chochote. Sehemu za mazalio zinavuliwa. Tusitafute kosa hilo kwa mababu wala kwa Wabelgiji peke yao.

Na viboko? Katika miaka ya 1970 walikuwa karibu 29,000 ndani ya parke. Katika miaka ya 2000 walishuka chini ya 1,000. Wengi waliliwa na watu wa silaha na wengine wakauzwa nyama. Mvuvi anajua hiyo ni hasara yake, maana mavi ya kiboko yanalisha maji, na maji hayo yanalisha tilapia. Hapa ujuzi wa mzee na ujuzi wa mtaalamu unakutana kabisa. Ndiyo sababu ninahuzunika kwamba sinema iliwaweka mlinzi na mvuvi katika vyumba viwili. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa kwa ajili ya parke hii. Mwezi wa nne wa 2020 waliuawa 12 kwa siku moja pamoja na dereva wao na wananchi wanne. Wengi wa vijana hao ni watoto wa vijiji vya kando ya parke. Mlinzi anaweza kuwa mjukuu wa mtu wa chumvi. Hiyo nayo ingekuwa sinema.

Tangu 2014 mambo yamegeuka tena. Mwaka wa 2018 wanamaji wa Uganda na wa Kongo walipigana risasi juu ya ziwa hili, na wavuvi wetu wengi wamekamatwa kwa sababu walivuka mstari ambao hauonekani juu ya maji. Mwaka wa 2020 tembo mia kadhaa walivuka kutoka Uganda kuja kwetu, magazeti yakashangilia. Mwezi wa saba wa 2022 serikali ilitangaza kuuza vitalu vya petroli, vingine vikigusa parke, kisha mwezi wa kumi wa 2024 ikafuta mnada huo. Mwezi wa tatu wa 2024 M23 iliingia Vitshumbi. Mwaka wa 2025 parke ilitimiza miaka 100, na Goma ilikuwa mikononi mwa waasi. Kila mara moja ya hizo, watu wa nje walirudi kwenye «Virunga» kama kwenye kitabu cha kueleza kila kitu. Mimi nami nitaendelea kuwaonyesha vijana sinema hiyo. Lakini nitaisimamisha pale ziwa linapoonekana toka juu, niwaulize wanaona nini, na nitangoje kuona kama kuna mmoja atakayesema neno chumvi.

Mwezi uliopita nilipita sokoni Butembo kutafuta kitu kingine kabisa. Mama mmoja alikuwa na mafungu ya chumvi ya mawe, ile ya kijivu wanayopewa mbuzi na ng'ombe.

— Hii inatoka wapi, mama?

— Katwe, papa.

— Imepitia wapi?

Aliniangalia kama mtu anayeuliza jua linatoka wapi. «Kasindi, ku lori. Zamani bibi yangu aliifuata kwa miguu.» Kisha akasukuma fungu moja mbele yangu: «Unanunua ao unauliza tu?»